Damu inavyoganda, na watafiti wanavyolichunguza donge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaotafuta habari za damu kuganda wana mgonjwa nyumbani au wana mtihani wa biolojia. Ukurasa huu unajaribu kuwafaa wote wawili, ila una upande wake. Kuuliza "damu imeganda au haijaganda?" ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni donge lenyewe limejengwaje: nyuzi zake ni nene au nyembamba, zimebanana au zimeachana, na ndani yake kumenaswa nini. Majibu marefu zaidi yako huko. Kuhusu dawa unazotumia wewe, muulize daktari anayekujua.

Damu kuganda si kukauka tu?

Hapana. Tia damu kwenye chupa ya kioo, ifunge kizibo barabara, na bado itaganda baada ya dakika chache bila kupoteza tone la maji. Kinachobadilika ni protini iliyokuwa imeyeyuka ndani ya utegili, yaani yale majimaji ya manjano hafifu yanayobeba chembe za damu. Protini hiyo inageuka nyuzi, nyuzi zinafumana, na chembe zinanaswa katikati. Gamba linaloonekana juu ya kidonda siku ya pili ndilo lililokauka, lakini donge lilikwisha jengwa zamani.

Ajabu ni jinsi vifaa vya ujenzi vilivyo vichache. Ukigandisha utegili mtupu, nyuzi huchukua chini ya asilimia 1 ya ujazo wa donge. Sehemu yote iliyobaki ni majimaji, na bado unaweza kuigeuza chupa kichwa chini na kisimwagike kitu.

Chembe sahani zinajuaje kwamba mshipa umekatika?

Hazijui, zinagusa. Chembe sahani ni vile vipande vidogo bapa vya ndani ya damu vinavyokimbilia kuziba jeraha. Ukuta wa ndani wa mshipa umetandikwa tabaka la seli ambazo damu hupita juu yake bila kushikwa. Chini ya tabaka hilo kuna kolajeni, protini ya nyuzi ngumu. Mshipa ukichanika kolajeni inabaki wazi, na protini moja ndefu iliyoko kwenye damu, iitwayo protini ya von Willebrand (kwa jina la daktari wa Finland aliyeueleza ugonjwa wa kuikosa mwaka 1926), inajibandika hapo. Damu inapokwenda kasi, protini hiyo hukunjuliwa na mkondo na kutoa sehemu za kushikia. Chembe sahani inayopita inanaswa, inaacha umbo lake bapa, inatoa vijimkono, na kumwaga kemikali zinazoziita nyingine.

Katika kila mikrolita ya damu ya mtu mzima mwenye afya kuna chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Hazina kiini, kwa sababu si seli kamili bali ni vipande vinavyomeguka kutoka seli kubwa za ndani ya uboho. Kila moja huishi siku 7 hadi 10. Kumbuka hilo la kukosa kiini, litarudi kwenye swali la aspirini.

Fibrini ni nini na inatoka wapi?

Hapa ndipo penye utamu. Ini hutengeneza protini iitwayo fibrinojeni na kuimwaga kwenye damu, gramu 2 hadi 4 hivi kwa kila lita ya utegili. Kwa mjamzito anayekaribia kujifungua huongezeka sana, maana mwili unajiandaa kwa kuvuja damu. Molekuli moja ina urefu wa nanomita 45, na ina vinundu vitatu: kimoja katikati na kimoja kila mwisho. Imesukwa kwa minyororo sita, jozi tatu za aina tatu.

Kwenye kinundu cha katikati kuna vipisi vidogo vya protini vilivyofunika vishikizo. Kimeng'enya kiitwacho thrombini kinapofika, kinavikata vipisi hivyo. Vishikizo vinabaki wazi, na kwenye vinundu vya mwisho vya molekuli jirani kuna matundu yanayovipokea. Hakuna nishati ya ziada inayohitajika. Fibrinojeni iliyokatwa, ambayo sasa inaitwa fibrini, inajipanga yenyewe safu mbili mbili, kila molekuli ikianzia katikati ya mwenzake wa safu ya pili. Ndiyo maana nyuzi za fibrini zikitazamwa kwa hadubini ya elektroni huonyesha mistari inayojirudia kila nanomita 22.5, karibu nusu kamili ya urefu wa molekuli.

Safu hizo mbili ni uzi mchanga. Nyuzi changa hulala ubavu kwa ubavu, kumi, hamsini, mia na zaidi, hadi uzi mmoja mnene upatikane. Aliyewahi kumtazama mtu akisokota kamba ya makumbi ya nazi ameuona mpango huo: unyuzi mmoja hukatika kwa kidole, lakini ukikusanya nyingi ukazipanga unapata kitu cha kufungia chombo. Tofauti ni kwamba kwenye donge hakuna msokotaji. Unene wa uzi unaamuliwa na mazingira ya dakika zile.

Hatua ya mwisho ni ya protini iitwayo fakta XIII, ambayo inaziunga molekuli kwa vifungo vya kudumu. Mtoto aliyezaliwa bila hiyo hugandisha damu kama kawaida ukipima kwa saa, lakini donge halidumu. Dalili yake inayojulikana sana ni kitovu kinachovuja damu siku kadhaa baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo kuganda na kuganda vizuri ni mambo mawili.

Hizo fakta zenye namba za Kirumi ni za nini?

Ni protini za ugandishaji (isipokuwa moja) zilizopewa namba kutoka I hadi XIII, na namba VI haipo kwa sababu iligundulika kuwa ni fakta V iliyokwisha amshwa. Mwaka 1964 Robert Macfarlane wa Uingereza, na wenzake wawili wa Marekani, Earl Davie na Oscar Ratnoff, kila upande kivyake, walipendekeza kwamba zinaamshana kwa zamu, moja ikiikata inayofuata, hadi thrombini ipatikane. Mchoro huo bado unakaririwa vyuoni. Una kasoro moja kubwa: watu wasio na fakta XII damu yao hukawia sana kuganda kwenye chupa ya kioo, ilhali wao wenyewe hawavuji damu. Kioo huiamsha fakta XII. Kwenye kidonda halisi mwanzo ni protini nyingine, inayokaa kwenye seli za nje ya mshipa na kukutana na damu pale tu mshipa unapotoboka.

Fakta IV si protini, ni kalsiamu. Ndiyo siri ya chupa zenye kifuniko cha bluu maabara: ndani mna sodiamu sitireti, sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu, nayo huikamata kalsiamu yote na kuisimamisha kazi. Fundi wa maabara akitaka kupima, anarudisha kalsiamu na kuanza kuhesabu sekunde. Ndiyo maana pia chupa ya bluu isiyojaa hukataliwa: uwiano ukiharibika, majibu hayaaminiki. Si jeuri ya mhudumu.

Nikijikata kidole, kwa nini damu ya mwili mzima isigande?

Kwa sababu kila mahali nje ya kidonda thrombini ina maadui. Mkondo wa damu unaizoa na kuizimua. Protini iitwayo antithrombini inaikumbatia na kuiua. Seli za ukuta wa mshipa zinaigeuza kazi, zikaitumia kuamsha protini C, ambayo huzima fakta mbili zinazohitajika kutengeneza thrombini zaidi. Mtu aliyezaliwa na upungufu wa mojawapo ya walinzi hawa anaweza kupata mabonge ya damu, yaani madonge yanayoziba mshipa pasipo haja, akiwa bado kijana.

Bonge la kwenye mguu na bonge linaloleta shambulio la moyo ni kitu kimoja?

Malighafi ni zilezile, jengo si lilelile. Katika ateri, damu huenda kasi, na kwa kawaida bonge huanza pale utando wa mafuta ulioota ukutani unapopasuka. Chembe sahani ndizo zinazotawala, na bonge huwa jeupe. Katika vena za mguu damu ni ya polepole, na bonge hujaa seli nyekundu zilizonaswa na fibrini. Hili la mguuni likimeguka husafiri hadi mapafuni.

Rudolf Virchow, Mjerumani, ndiye aliyeonyesha katikati ya karne ya 19 kwamba bonge la mapafuni huwa limetoka kwingine. Siku yake ya kuzaliwa, 13 Oktoba, ndiyo Siku ya Thrombosi (yaani bonge kuziba mshipa) Duniani. Mambo matatu yanayohusishwa na jina lake bado yanafundishwa: damu kutuama, ukuta wa mshipa kudhurika, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo wa kuganda. Wagonjwa wa selimundu, ambao Afrika Mashariki tunao wengi, wanaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja, na hatari yao ya kupata mabonge iko juu.

Kwa nini watafiti wanahangaika na unene wa nyuzi?

Kwa sababu unene unaamua donge litaishi muda gani.

Thrombini ikiwa nyingi, fibrinojeni hukatwa kwa wingi kwa mara moja, nyuzi huanza kila mahali, na kila uzi hupata molekuli chache. Matokeo ni nyuzi nyembamba, nyingi, zenye matawi mengi na matundu madogo. Thrombini ikiwa kidogo, nyuzi huanza chache na kunenepa taratibu, zikiacha matundu makubwa. Mtu mwenye hemofilia, ambaye amekosa fakta VIII au IX, hutengeneza thrombini kidogo tena kwa kuchelewa. Donge lake ni la aina hii ya pili, legelege. Ndiyo maana jeraha lake linaweza kuonekana limetulia, kisha saa kadhaa baadaye likaanza kuvuja tena.

Sasa sikiliza jambo linalowachanganya hata wanafunzi wa udaktari. Ukichukua uzi mmoja mwembamba na uzi mmoja mnene ukavipa kimeng'enya cha kuviyeyusha, mwembamba ndio unaotangulia kukatika. Lakini ukichukua donge zima, lile la nyuzi nyembamba ndilo linalokawia kuyeyuka. Sababu ni idadi na ubanano: nyuzi za kukata ni nyingi, na kimeng'enya kinapenya kwa shida.

Makundi ya watafiti, yakiwemo ya Leeds nchini Uingereza na Kraków nchini Poland, yamegandisha utegili wa watu wenye kisukari, wavutaji sigara na waliowahi kupata shambulio la moyo, na kukuta kwamba madonge yao huelekea kuwa mazito na magumu kuyeyuka kuliko ya watu wenye afya. Je, ubanano huo ndio uliowaletea ugonjwa, au ugonjwa ndio uliobana donge? Kwa maoni yangu uhusiano unakwenda pande zote mbili, kwa kuwa sukari nyingi kwenye damu hujibandika kwenye fibrinojeni, na uvimbe wa ndani kwa ndani huliamsha ini litengeneze fibrinojeni zaidi.

Nani alikuwa wa kwanza kuziona nyuzi hizi?

Marcello Malpighi wa Italia, mwaka 1666. Alichukua madonge ya damu, akayaosha kwa maji hadi wekundu ukatoka, akatazama kwa hadubini na kukuta utando mweupe wa nyuzi. Hadubini yake ilikuwa duni kupita kiasi ukilinganisha na ya shule ya sekondari ya leo. Wazo la kuosha ndilo lililofanya kazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kusuasua. Giulio Bizzozero wa Turin alieleza chembe sahani na kazi yake mwaka 1882. Mwaka 1959 Cecil Hall na Henry Slayter walipiga picha za molekuli za fibrinojeni kwa hadubini ya elektroni na kuonyesha vile vinundu vitatu. Halafu Russell Doolittle wa California, aliyeishughulikia protini hii karibu maisha yake yote ya kazi, alipata pamoja na wenzake umbo la kinundu cha mwisho mwaka 1997, na la fibrinojeni nzima ya binadamu mwaka 2009, kwa kugandisha protini kuwa fuwele na kuipiga eksirei. Hata hapo kuna mikia miwili ya molekuli isiyoonekana kwenye fuwele, kwa kuwa inachezacheza mno. Mikia hiyo inasaidia nyuzi changa kushikana ubavuni, kwa hiyo si ya kupuuzwa.

Zile picha za donge lenye nyuzi na seli nyekundu zinapigwaje?

Kwa hadubini ya elektroni inayopapasa uso wa kitu. Hadubini hiyo hufanya kazi ndani ya chumba kisicho na hewa, na donge karibu lote ni maji, kwa hiyo kazi kubwa ni kulikausha bila kuliangusha. Kwanza linawekwa kwenye glutaraldehaidi, kemikali ya kuhifadhi, ili protini zishikane mahali zilipo. Kisha maji yanaondolewa kwa kulipitisha kwenye alkoholi inayoongezwa ukali hatua kwa hatua. Halafu alkoholi inabadilishwa kwa kaboni dayoksaidi ya majimaji, ambayo hupashwa joto chini ya shinikizo hadi ipite kuwa gesi bila kuchemka. Likikaushwa hewani tu, mvuto wa maji yanayotoweka ungezibandika nyuzi zote pamoja. Mwishowe donge hupakwa tabaka jembamba sana la dhahabu au metali nyingine, na rangi nyekundu unayoiona kwenye seli huwekwa baadaye kwa kompyuta. Elektroni hazina rangi.

Picha ni nzuri mno, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Unachokiona ni donge lililokufa, lililokaushwa, na lililosinyaa kidogo. Kipimo cha unene wa uzi kutoka kwenye picha hizo ni cha kulinganisha donge na donge lililoandaliwa vilevile, si cha kuapia.

Kuna njia ya kulitazama likiwa bichi?

Ziko kadhaa. Ya kwanza ni kuchanganya fibrinojeni iliyofungwa rangi inayong'aa, kisha kutumia hadubini ya konfokali, ambayo leza yake husoma donge tabaka kwa tabaka na kompyuta ikazipanga kuwa umbo la pande tatu. Donge linabaki na maji yake. Nyuzi nyembamba sana haipimi vizuri, lakini matawi na matundu unayaona.

Ya pili haina picha kabisa, na ni ya bei nafuu: kupitisha mwanga kwenye utegili unaoganda na kupima unavyofifia. Nyuzi nene hutawanya mwanga zaidi kuliko nyembamba. Mchoro unaotoka unakupa muda wa kuanza, kasi, na dokezo la unene, na ukiongeza kimeng'enya cha kuyeyusha unapata pia muda wa kufa kwa donge. Maabara yenye mashine ya kawaida ya kusomea sahani za visima inaweza kuufanya utafiti huu, na nadhani ndiyo njia ambayo vyuo vyetu vingeianzia.

Ya tatu ni kusukuma majimaji kupitia donge na kupima yanapita kwa kasi gani. Ukijua hiyo unaweza kukokotoa ukubwa wa matundu.

Kisha kuna ya wanyama hai. Mwaka 2002 kundi la Bruce na Barbara Furie huko Boston lilijeruhi mishipa midogo ya panya kwa leza na kurekodi, chembe sahani kwa rangi moja na fibrini kwa rangi nyingine. Masomo ya zamani yalisema chembe sahani kwanza, fibrini baadaye. Kwenye video vyote viwili vilionekana kuanza karibu wakati mmoja.

Uzi mmoja wa fibrini una nguvu kiasi gani?

Kinachoshangaza zaidi ni mvutiko. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliziweka nyuzi za fibrini juu ya mifereji midogo, wakavuta uzi mmoja mmoja kwa ncha ya hadubini ya nguvu za atomu huku wakitazama kwa chini. Uzi ulivutwa hadi mara 2.8 ya urefu wake na kurudi bila kudhurika. Kwa wastani ulikatika ulipofika zaidi ya mara 4 ya urefu wake. Nyuzi chache za kibiolojia zinafikia hapo.

Mvutiko huo unatoka wapi? Kazi iliyotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2009 ilionyesha kwamba donge likivutwa molekuli zenyewe hufumuka, na donge hutoa maji na kupungua ujazo. Kwa hiyo mshipa unapodunda, donge lililoziba tundu hunyooka na kurudi badala ya kuvunjika.

Kwa nini donge husinyaa baada ya muda?

Chembe sahani zinalivuta. Zimeshika nyuzi kwa vile vijimkono na ndani yake zina protini za mkazo za jamii ileile ya zile za misuli. Ukiacha damu kwenye chupa ya kioo, baada ya saa moja au mbili donge limejitenga na ukuta na majimaji safi yamebaki pembeni.

Kilichokuwa hakijulikani ni hali ya seli nyekundu wakati huo. Mwaka 2014 kundi hilohilo la Pennsylvania lilipasua madonge yaliyosinyaa na kukuta kwamba seli nyekundu za katikati zimeacha umbo lao la duara na kuwa na pande na kona, zimebanana bila nafasi, huku fibrini na chembe sahani zikiwa zimesogea nje. Ukuta wa namna hiyo haupitishi karibu kitu, na ni habari njema kwa kidonda. Kwa mtu mwenye kiharusi ni habari mbaya, kwa sababu dawa nayo haipiti. Tangu majaribio ya mwaka 2015 yalipothibitisha faida ya kuvuta mabonge ya ubongoni kwa waya, hospitali zenye huduma hiyo zimekuwa zikiyahifadhi na kuyakata vipande vya kutazama, na yale yenye fibrini nyingi ndiyo yanayowasumbua zaidi madaktari kuyatoa.

Hospitali isiyo na mashine inapimaje kuganda kwa damu?

Kwa chupa ya kioo na saa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha dakika 20 kwa aliyeumwa na nyoka: mililita 2 hivi za damu ya vena kwenye chupa mpya, kavu, ya kioo, iachwe bila kuguswa dakika 20, kisha ipinduliwe mara moja. Ikimwagika, damu haijaganda. Ni lazima iwe kioo, kwa sababu ileile ya fakta XII, na isiwe imeoshwa kwa sabuni. Chupa ya plastiki inaweza kukudanganya.

Nyoka wa mitini aitwaye boomslang, anayepatikana pia Afrika Mashariki, anaonyesha ubaya wa damu kugandishwa ovyo. Sumu yake huamsha prothrombini, yaani thrombini ambayo bado imelala, kila mahali mwilini, fibrinojeni inatumika hadi inakwisha, na aliyeumwa anaanza kuvuja. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aling'atwa kidole gumba na boomslang mdogo tarehe 25 Septemba 1957. Aliandika dalili zake moja baada ya nyingine na akafariki kesho yake.

Hospitali zenye uwezo hutumia mashine inayopima ukakamavu wa donge tangu linapoanza hadi linapoyeyuka. Asili yake ni kifaa cha Mjerumani Hellmut Hartert cha mwaka 1948: kikombe kinachozunguka kidogo kwenda na kurudi, na pini iliyoning'inia katikati ya damu. Damu ikiganda, kikombe kinaivuta pini. Kwenye upasuaji mkubwa humwambia daktari kilichopungua ni fibrinojeni au ni chembe sahani.

Donge huondokaje likimaliza kazi?

Hukatwa na plasmini. Kimeng'enya hiki huamshwa vizuri zaidi kikiwa kimekaa juu ya fibrini yenyewe, kwa hiyo donge hubeba chanzo cha kuvunjwa kwake. Vipande vinavyobaki, vile vilivyokuwa vimeungwa na fakta XIII, ndivyo vinavyopimwa kwenye kipimo cha D-dimeri. Kikiwa chini, bonge la mguuni au mapafuni kwa mtu mwenye hatari ndogo linaweza kuondolewa kwenye orodha. Kikiwa juu hakithibitishi kitu, kwani ujauzito, maambukizi na upasuaji pia hukipandisha.

Kule kukaa kwa plasmini juu ya fibrini ndiko kunakozuiwa na dawa iitwayo asidi traneksamiki, iliyogunduliwa na Utako na Shosuke Okamoto wa Japani mwaka 1962. Inaziba sehemu ambayo plasmini hutumia kuishika fibrini. Jaribio la WOMAN, lililochapishwa 2017, liliwahusu wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Waliopewa dawa ndani ya saa 3, vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 1.7 kwa wasiopewa. Dawa hiyo haigandishi damu. Inalinda nyuzi zilizokwisha jengwa, na kama nyuzi zimeshakatwa, umechelewa.

Dawa za "kuyeyusha damu" zinaifanya damu kuwa nyepesi?

Hapana, na nyingi haziyeyushi hata bonge. Heparini huongeza nguvu za antithrombini. Warfarini hulizuia ini kukamilisha fakta zinazohitaji vitamini K. Mwili wenyewe ndio unaoliyeyusha bonge lililokuwepo, dawa zikizuia lisikue. Aspirini inazima kimeng'enya kimoja ndani ya chembe sahani, na kwa kuwa chembe haina kiini haiwezi kutengeneza kingine, hubaki hivyo hadi mwisho wa siku zake. Zinazoyeyusha kweli ni dawa kama alteplase, zinazoamsha plasmini. Kwa kiharusi huanzishwa ndani ya saa 4.5, kwa sababu ubongo unakufa na donge linazidi kubana.

Warfarini ina asili ya zizini: ng'ombe wa Marekani waliokula malisho yaliyoota ukungu walikuwa wakifa kwa kuvuja damu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea Karl Paul Link wa Wisconsin ndoo ya damu isiyoganda, na uchunguzi ulioanzia hapo ukaleta sumu ya panya mwaka 1948, kisha dawa ya binadamu miaka ya 1950.

Natumia warfarini. Niache mchicha na kisamvu?

Usiache, ila usibadilishe kiasi ghafla. Mboga za majani zina vitamini K nyingi, na kipimo chako kilipangwa kulingana na unavyokula. Mwambie daktari kama mlo utabadilika.

Safari ya ndege huleta mabonge?

Safari ya zaidi ya saa 4, iwe ya ndege, basi au gari, huongeza hatari karibu mara mbili hadi tatu, kwa mujibu wa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa 2007. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban 1 kwa safari 6,000. Inuka utembee.

Naweza kuiona fibrini bila maabara?

Unaweza, siku ya kuchinja. Kinga damu mbichi kwenye bakuli na uikoroge papo hapo kwa kijiti chenye matawi, bila kupumzika, dakika kumi hivi. Nyuzi zitajizonga kwenye kijiti, na damu iliyobaki haitaganda tena hata ukiiacha, kwa sababu fibrinojeni imetolewa. Wafugaji kama Wamaasai na Waturkana hukoroga hivyo damu ya ng'ombe wanapotaka ibaki ya majimaji. Osha kijiti kwa maji baridi hadi wekundu utoke. Kitakachobaki ni kitu cheupe kinachovutika: shika ncha mbili, kivute, kiachie, uone kinavyorudi. Nawa mikono vizuri ukimaliza, na usijaribu kwa damu ya mtu.